Sapatu za Sufu kwa Miguu ya Wazee

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo sisi tuishio nyanda za juu kusini hatuhitaji kuelezwa baridi ni nini. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule uwanda wa Kitulo kuna asubuhi ambazo majani huonekana meupe kwa sakitu. Vijana hujitafutia makoti na kofia. Wazee hujifunika blanketi mabegani, lakini miguu yao mara nyingi hubaki katika ndala za mpira, au pekupeku juu ya sakafu ya saruji.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumzie viatu vya sufu vya kuvaa nyumbani. Viatu laini vya namna hiyo wazee wetu waliviita sapatu, nasi tutatumia neno hilo. Sokoni wengi husema tu viatu vya manyoya. Hupatikana katika mitumba itokayo Ulaya, na watoto walioko mijini huwanunulia wazazi wao kama zawadi. Zawadi hiyo ni nzuri. Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tumeona kwamba sapatu ya namna moja humlinda mzee, na ya namna nyingine humwangusha. Afadhali mnunuzi ajue tofauti kabla hajatoa fedha yake.

Hatari iliyo katika miguu ya baridi

Mwili ukipatwa na baridi, mishipa midogo ya damu katika mikono na miguu hujibana, ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni kwenye viungo vya maana zaidi. Kwa kijana jambo hilo halina madhara. Akitembea kidogo miguu hupata joto tena. Kwa mzee, kwa mvutaji wa sigara na kwa mwenye kisukari, mishipa hiyo tayari imekuwa myembamba, na joto huchelewa sana kurudi. Tena mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi huweza kupoteza hisia katika nyayo. Anasema miguu ina ganzi, au inawaka moto usiku, au anahisi kama anatembea juu ya pamba.

Sasa fikirini mtu wa namna hiyo jioni ya mwezi wa Julai. Miguu ni baridi. Jiko la mkaa liko karibu. Anaisogeza miguu, anaona nafuu, anasinzia. Tulimpokea bibi mmoja aliyekaa hivyo jioni moja huku akisubiri chakula. Hakuhisi maumivu yoyote. Mjukuu wake ndiye aliyeona malengelenge kwenye vidole asubuhi alipomletea maji ya kunawa. Familia ilipaka dawa ya meno, ikasubiri siku tisa, na alipofika kwetu kidole gumba na kile cha pili vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi. Alipona, lakini alirudi nyumbani bila vidole hivyo viwili. Wengine huja kwa sababu ya beseni la maji ya moto: mguu wenye ganzi hauwezi kupima maji. Maji ya kuoga ya mtu wa namna hiyo yapimwe kwa kiwiko cha mkono, tena kiwiko cha mtu mwingine ikiwezekana.

(Na hapa tukumbushane, ingawa si habari ya viatu: jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.)

Kwa hiyo sapatu nzuri si anasa ya wazungu. Ni njia ya kupata joto pasipo moto.

Sufu hufanya nini

Unyoya wa sufu umejikunja-kunja, hivyo kati ya unyoya na unyoya hubaki hewa iliyotulia, na hewa hiyo ndiyo izuiayo joto la mguu lisitoroke. Zaidi ya hayo, sufu hunyonya mvuke wa jasho hadi karibu theluthi moja ya uzito wake bila mguu kuhisi unyevu. Nyuzi za viwandani, kama akriliki na nailoni, ni laini sana zikiwa mpya, lakini hazinyonyi. Mguu hutoka jasho, jasho hubaki, na baada ya muda mguu unakuwa wa baridi kuliko mwanzo, huku fangasi wakijipatia makao kati ya vidole.

Jambo moja lieleweke vizuri: sufu haitengenezi joto. Hulitunza lile ambalo mguu unalo. Mzee akivaa sapatu wakati miguu imekwisha kupoa kabisa, atakaa saa nzima akilalamika kwamba mmemnunulia kitu kibovu. Avae mapema, mara anapoteremka kitandani na kabla jua halijazama, huku miguu ikiwa mikavu. Kama imekwisha kupoa, kwanza akunje na kukunjua vidole mara nyingi, anyanyue visigino akiwa ameketi, au atembee kidogo uani, kisha avae.

Sufu haikuwa kitu cha nyumbani kwetu tangu kale. Kondoo wetu wengi wa asili, kama wale wekundu wa Kimasai na wale wenye kichwa cheusi, wana nywele, hawana sufu ya kusokotwa. Sapatu zilizoko sokoni zimetoka mbali, na muuzaji wa mitumba mara nyingi hajui zimetengenezwa kwa nini. Tazameni kitambulisho kilichoshonwa ndani. Katika viatu vya Ujerumani neno la sufu ni Wolle, vya Ufaransa laine, vya Italia lana, na vya Uingereza wool. Kama kitambulisho kimefutika, chomoeni nyuzi mbili tatu mahali pasipoonekana, mzishike kwa kibano na kuziwasha kwa kiberiti, mbali na watoto na mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe upesi, na jivu lake husagika kwa vidole likipoa. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Muuzaji mwema hatawanyima nyuzi tatu.

Ndani na nje

Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo wengi wanapokosea kununua. Sapatu nyingi za Ulaya zilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye jiko lake na choo chake viko chini ya paa moja. Hatoki nje nazo. Soli yake ni sufu iliyosongwa ikawa ngumu kama blanketi nene, au ngozi laini, na juu ya zulia inafaa kabisa. Mama yetu kijijini hana nyumba ya namna hiyo. Jiko liko nje, choo kiko nje, kuku wanamwita, na kuna umande hadi saa tatu asubuhi. Kwake neno "ndani" ni hatua kumi tu. Soli ya sufu ikikanyaga umande hunyonya maji kama sifongo, na ikirudi juu ya saruji laini iliyosuguliwa huteleza vibaya.

Kwa hiyo, kama ni jozi moja tu inayonunuliwa, iwe yenye soli ya mpira. Soli hiyo iwe na michirizi chini, iwe nyembamba kiasi cha kukunjika inapokunjika kwenye vidole, lakini isikunjike katikati ya unyayo. Soli nene sana kama mkate haifai kwa mzee. Hujikwaa nayo kwenye kizingiti cha mlango. Mkiipenda sapatu ambayo soli yake ni ya sufu, mpelekeeni fundi viatu aiwekee soli ya mpira mwepesi kwa gundi na kushona pembeni. Tairi la gari tunalolijua katika makatambuga ni gumu na zito mno kwa kazi hii. Fundi akimaliza, ingizeni mkono ndani na kupapasa pote. Ncha ya uzi mgumu au msumari mdogo ambao wewe utauona kero, mtu mwenye ganzi atautembelea wiki nzima bila kujua.

Lakini tukiulizwa ni kitu gani tunatazama kwanza, tutajibu: kisigino. Sapatu zilizo wazi nyuma ndizo nyingi sokoni, ndizo rahisi kuvaa, na ndizo ambazo wazee huzipenda kwa sababu hawahitaji kuinama. Sisi hatuzipendi. Ili kisitoke, mvaaji hulazimika kukishika kiatu kwa vidole na kuburuta miguu, na mtu anayeburuta miguu huanguka. Akianguka kijana, anacheka na kujipangusa. Akianguka bibi wa miaka 75 ambaye mifupa yake imepungua nguvu, huweza kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, na tangu siku hiyo maisha ya nyumba nzima hubadilika: safari ya hospitali ya rufaa, upasuaji, miezi ya kitandani, mtoto mmoja kuacha kazi ili amwuguze. Tunasema haya kwa sababu tumewageuza wagonjwa hao kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili wasipate vidonda vya mgongoni.

Chagueni basi sapatu iliyofungwa nyuma, yenye ukuta unaoshika kisigino na usiolala chini ukibonyezwa kwa kidole. Kama mzee hawezi kuinama, ziko zinazofunguka kwa juu na kufungwa kwa mkanda wa kunata. Tena mnaweza kumtengenezea mwiko mrefu wa kuvalia viatu kwa mbao. Tuongeze kwamba soksi za sufu peke yake, bila kiatu, juu ya saruji ni hatari kuliko pekupeku. Na soksi ndani ya ndala si vazi la mzee, hata kama vijana wanaona ni mtindo.

Kupima mguu ambao haupo sokoni

Mara nyingi anayenunua si anayevaa. Kumbukumbu haitoshi, na namba ya kiatu cha zamani haitoshi pia, kwa maana miguu hupanuka kadiri umri unavyoongezeka. Wekeni kipande cha boksi chini, mzee asimame juu yake kwa uzito wake wote, kisha mchore kwa kalamu iliyosimama wima kuuzunguka mguu. Fanyeni hivyo jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya siku. Choreni miguu yote miwili, kwani ni watu wachache ambao miguu yao inalingana. Kateni maboksi hayo na kwenda nayo sokoni. Yaingizeni ndani ya sapatu: yasikunjike pembeni, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Namba za Ulaya zimepangwa kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo kupanda namba moja huongeza karibu milimita 7 tu, na wakati mwingine mtahitaji mbili.

Msinunue kubwa kupita kiasi mkidhani mzee atapata raha. Sufu hulegea kadiri inavyovaliwa. Upana ndio usibane, urefu usizidi.

Kwa mitumba kuna jambo jingine. Mguu wa kwanza uliovaa kiatu kile umeacha alama yake ndani. Ingizeni mkono mpapase shimo la kisigino na la vidole. Kisha wekeni viatu juu ya meza na kuvitazama kwa nyuma. Vikiwa vimeinama upande mmoja, viacheni, kwani vitamfundisha mvaaji mpya kutembea kama yule wa kwanza.

Wenye kisukari wasome hapa mara mbili

Kuna jaribio dogo ambalo familia inaweza kulifanya nyumbani, lililobuniwa katika hospitali ya Ipswich nchini Uingereza. Mgonjwa alale na kuvua soksi, afumbe macho. Mwingine amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu kama unyoya unavyogusa, bila kubonyeza wala kusugua, kwa sekunde moja au mbili tu. Aguse ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kidogo cha mwisho, kulia na kushoto. Jumla ni vidole 6. Kila anapohisi aseme "kulia" au "kushoto". Akikosa vidole 2 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba hisia za miguu zimepungua, na aje kliniki ya kisukari apimwe vizuri.

Mtu huyo asitembee pekupeku hata ndani, hata usiku kwenda kujisaidia. Ndala zenye mkanda kati ya vidole humchubua, tena humtoka mguuni bila yeye kujua. Sapatu ya sufu iliyofungwa mbele na nyuma inamfaa, ilimradi haina mshono mnene ndani. Ikiwa sufu inamwasha, avae soksi nyepesi za pamba kwanza. Siku ya kwanza aivae saa moja, asizidi mbili, kisha avue na watu watazame miguu kwenye mwanga. Mahali palipo pekundu pasipotoweka ndani ya nusu saa, kiatu hicho hakimfai, hata kama kilinunuliwa kwa bei kubwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kiatu kikung'utwe na mkono upitishwe ndani. Tumewahi kutoa ndani ya viatu punje za mahindi, kifungo cha shati, na mara moja betri ndogo ya redio.

Mwenye vidole vilivyopinda au aliyekwisha kukatwa sehemu ya mguu anahitaji kiatu cha kupimiwa. Sapatu ya sokoni haitoshi. Na mguu mmoja ukiwa wa moto na umevimba kuliko mwenzake, au kidole kikibadilika rangi, au kidonda kikitokea hata kama hakiumi, ni siku hiyo hiyo kwenda hospitali. Miguu yote miwili ikivimba kila jioni hadi viatu haviingii, msitafute kwanza viatu vikubwa zaidi. Njooni tutazame moyo, figo na shinikizo la damu.

Kuzitunza, na wasio na uwezo wa kununua

Sapatu za mitumba zioshwe kabla ya kuvaliwa. Maji yawe vuguvugu, sabuni laini kidogo, na mkono ubonyeze bila kusugua wala kukamua kwa kusokota. Dawa ya kutakatisha nguo nyeupe isitumike kamwe, kwani huila sufu. Jazeni magazeti ndani ili umbo lisiharibike, kisha zianikwe mahali penye upepo, mbali na moto. Zile za ngozi ya kondoo zenye sufu ndani zisiloweshwe. Zifutwe tu, kwani ngozi ikikaushwa kwa moto hupasuka. Msimu wa joto ukifika, zikung'uteni, mzianike juani siku nzima, ndipo mzifunge katika mfuko usio na tundu. Kinachotoboa sufu si nondo mwenyewe arukaye, bali vibuu vyake, navyo hupenda sufu chafu yenye jasho.

Kwa wasio na uwezo wa kununua, sweta kuukuu la sufu, lile ambalo limetoboka viwiko, lina kazi bado. Loweni katika maji ya moto yenye sabuni na kulisugua kwa nguvu, kinyume kabisa cha tulivyosema hapo juu. Unyoya wa sufu una magamba madogo ambayo kwa joto, maji na msuguano hushikana na hayaachani tena. Sweta litanywea na kuwa nene. Likikauka, likateni kwa kufuata yale maboksi ya miguu, tabaka mbili, mshone pembeni. Hizo ni soli za ndani za kuweka katika mabuti ya mpira ya baba anayekwenda kukamua alfajiri. Tengenezeni jozi mbili kwa kila mtu, ili moja ikauke wakati nyingine inavaliwa, na mjaribu kwanza kama buti bado lina nafasi ya kutosha kwa vidole.